Mwalimu wa Kujitolea na Mwaka Wake wa Kwanza

Walimu wenzangu, wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini yuko mgeni ajaye na jembe lake mkononi, nalo ni kipande cha chaki. Ndiye mwalimu wa kujitolea, aachaye nchi yake kwenda kufundisha vijijini Afrika kwa posho ndogo tu. Mwaka ukiisha, huketi akahesabu faida. Yafaa nasi tuitazame hesabu hiyo.

Shirika la Kiingereza liitwalo Voluntary Service Overseas lilianza mwaka 1958, likituma vijana wa miaka 18 kwa mwaka 1. Wamarekani wa Peace Corps, waliofika Accra tarehe 30 Agosti 1961 kufundisha katika sekondari za Ghana, walitakiwa kukaa miaka 2. Mimi naona hao wa pili walipima vema zaidi.

Tuufuate mwaka wenyewe. Katika Kongo masomo huanza Septemba. Muhula wa kwanza mgeni hujifunza majina, na watoto huzoea matamshi yake. Anauliza: «Mmefahamu?» Wote huitika: «Ndiyo, Mwalimu.» Hawakusudii kudanganya, kumwambia mkubwa kwamba hakueleweka ni kumtia aibu. Itapita miezi kabla hajajua kwamba swali hilo halina faida, na kwamba afadhali ampe mtoto hesabu aifanye ubaoni. Tena huona madawati matupu akaandika «uvivu», kumbe mmoja yuko shambani akivuna, mwingine amerudishwa kwa kukosa ada, na binti wa tatu anamlea mdogo wake mgonjwa. Akiisha kuyafahamu hayo, Juni imefika, mitihani iko mlangoni, naye anafunga sanduku. Mwaka wa kwanza, basi, ni wa kusomeshwa kuliko wa kusomesha.

Jicho nalo lahitaji muda. Oktoba 1961, huko Ibadan, Nigeria, mmoja wa Peace Corps aliyekuwa bado katika mafunzo aliandika kadi kumweleza rafiki yake unyonge wa maisha aliouona mjini. Kadi ikapotea, wanafunzi wa chuo kikuu wakaiokota, wakaeneza nakala na kukutana kwa hasira. Mwandishi akarudi kwao. Aliyoyaandika aliyaona. Ila macho ya siku chache huona ukuta na mtaro, hayamwoni mwenye nyumba.

Nchi yetu ina ushuhuda wake. Tangu 1970 Peace Corps ilituma kwetu walimu wa sekondari, na wengine wa kufundisha ufugaji wa samaki. Mike Tidwell, aliyefika Kalambayi, Kasai, mwaka 1985, ameeleza katika kitabu chake cha 1990 jinsi wakulima walivyochimba mabwawa yao kwa sepetu, kwa jasho lao wenyewe, naye akiwaonyesha njia. Septemba 1991 askari waliasi Kinshasa, maduka yakaporwa, na wajitoleaji waliokuwapo wakaondolewa nchini. Aliyechimba bwawa kwa mikono yake alibaki na bwawa, na ujuzi wa kulisha samaki. Je, darasa la fizikia lililokuwa na mwalimu mgeni peke yake, hana mwenzake wa kijijini aliyeketi naye kutayarisha masomo, lingebaki na nini?

Kwa mkutano wa walimu: katika shule yenu, ni somo lipi ambalo mtu mmoja tu ndiye awezaye kulifundisha? Na daftari lake la matayarisho liko wapi?