KITABU CHA KARATASI MOJA

1. Kikundi cha Buluo

Buluo ni sehemu ya mji wa Likasi, katika eneo la Katanga. Hapo kilikuwako kikundi kidogo cha kazi za mikono. Mama mmoja, mshona nguo, ndiye aliyekiongoza. Siku ya Jumamosi watoto walifika kwake na makasi, sindano na karatasi. Walijifunza kutengeneza vitabu.

Jirani yao alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Alijua vituo vyote kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, Tenke, Bukama na Kamina. Alijua mahali gari-moshi lilipochukua maji zamani, na mahali watu walipouza samaki dirishani. Watoto walipenda sana kumsikiliza. Lakini hakuna aliyeandika hata neno moja.

Siku moja mzee akasema: «Wajukuu wangu, Jumatatu ninakwenda Kamina kwa binti yangu. Nitakaa huko.»

Watoto wakanyamaza. Mama mshonaji akasema: «Basi, leo hatutengenezi kitabu cha mchezo. Leo tunatengeneza kitabu cha kambo.»

2. Karatasi ina njia yake

Karatasi ni nyuzi nyingi ndogo za miti au majani, zilizolowekwa, zikapondwa, zikatandazwa na kukaushwa. Ni kazi ya zamani sana. Mwaka wa 105, huko China, mtumishi wa mfalme aitwaye Cai Lun alimweleza mfalme wake namna ya kutengeneza karatasi kwa magamba ya miti, matambara na nyavu kuukuu za samaki.

Katika karatasi za mashini, nyuzi nyingi zimelala upande mmoja, kama majani ya mto yalalavyo kwa kufuata maji. Pinda karatasi polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja utakubali upesi, upande mwingine utashindana nawe. Upande unaokubali ndio unaofuata nyuzi. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo utakuwa laini na kitabu kitafunguka vizuri. Ukikunja kwa kuzikata nyuzi, mkunjo utakwaruza, na kitabu kitataka kujifunga chenyewe.

3. Namna ya kukunja kurasa nane

Karatasi ya kawaida ya ofisi ina urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210. Karatasi moja tu inatosha kwa kitabu cha kurasa nane. Fuata maneno haya:

Kwanza, laza karatasi mezani, upande mrefu uwe mbele yako. Kutanisha pande mbili ndefu, ukunje, kisha ufungue.

Pili, kutanisha pande mbili fupi, ukunje. Kunja tena mara moja kwa njia ile ile. Fungua karatasi yote. Sasa unaona vyumba nane: vinne juu, vinne chini.

Tatu, kutanisha tena pande mbili fupi. Shika makasi, ukate kutoka penye mkunjo kwa kufuata mstari wa katikati, mpaka kufika mkunjo unaofuata. Usipite hapo! Ukifungua, utaona mpasuo katikati ya karatasi, wenye urefu wa vyumba viwili.

Nne, kunja karatasi kwa urefu wake, mpasuo uwe juu. Shika ncha mbili, uzisukume moja kwa nyingine. Mpasuo utafunguka kama mdomo wa ndege. Endelea kusukuma, kisha lalisha kurasa zote upande mmoja. Kitabu kimekwisha. Kila ukurasa una milimita 74 kwa 105; unaingia katika mfuko wa shati.

4. Kosa la mvulana

Mvulana mmoja alikuwa mwenye haraka. Mzee alipoanza kusimulia, yeye aliandika upesi katika vyumba vyote nane, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu aandikavyo katika daftari. Alipomaliza akakata, akakunja. Ole wake! Nusu ya maneno ilisimama kichwa chini. Gari-moshi lilifika Kamina kabla ya kutoka Likasi.

Mvulana akaona haya. «Mama, nimeharibu karatasi, na kambo amekwisha kuchoka.»

Mama akachukua kile kitabu, akakigeuza mkononi. «Mwanangu, umeandika upande gani?»

«Upande mmoja, mama.»

«Na upande wa pili?»

«Ni mweupe.»

«Basi fungua, geuza, kunja tena. Lakini sasa usiandike neno. Andika namba tu.»

Mvulana akakunja tena, upande mweupe ukawa nje. Akatia namba kwa kalamu ya risasi katika pembe ya kila ukurasa, 1 mpaka 8. Ndipo akafungua karatasi, akashangaa. Katika safu ya chini, kutoka kushoto, alisoma 6, 7, 8, 1. Katika safu ya juu alisoma 5, 4, 3, 2, nazo zote zilisimama kichwa chini.

Mama akawaambia watoto: «Karatasi iliyofunguliwa haionyeshi mpango wa kitabu. Kunja kwanza, tia namba, halafu andika. Aliyetia namba hapotei.»

Mzee akacheka, akasema: «Hata mabehewa yana namba.» Akaanza tena habari yake tangu mwanzo, polepole, kituo baada ya kituo.

5. Kitabu cha kushona

Kurasa nane hazikutosha. Mzee alikuwa na maneno mengi. Basi mama akawafundisha watoto kitabu cha kushona.

Walichukua karatasi tano. Kila moja waliikunja mara moja katikati, wakaziingiza moja ndani ya nyingine. Karatasi moja iliyokunjwa hivyo ina kurasa nne. Karatasi tano zina kurasa ishirini.

Walitoboa matundu matatu penye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi ulikuwa na urefu wa kitabu mara mbili na nusu. Sindano iliingia kutoka ndani katika tundu la katikati, ikatokea nje. Ikarudi ndani kwa tundu la juu. Ikapita ndani, ikaliruka tundu la katikati, ikatoka nje kwa tundu la chini. Mwishoni ikarudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili za uzi zilifungwa pamoja, moja huku na moja huku ya uzi mrefu uliopita katikati. Kwa njia hiyo fundo halivutiki wala kuponyoka.

Jalada walilitengeneza kwa mfuko wa simenti. Mfuko huo una karatasi zaidi ya moja. Ile ya ndani imejaa vumbi linaloumiza macho na kifua; waliitupa, wakachagua safi ya nje.

Gundi waliipika wenyewe. Walichanganya kijiko kimoja cha unga wa mihogo na vijiko vitano vya maji baridi, mpaka mabonge yakaisha. Wakaiweka juu ya moto mdogo, wakakoroga mpaka ikawa nzito. Ikipoa, hupakwa kidogo tu, kwa maana gundi nyingi hukunja karatasi. Kitabu kiliwekwa chini ya matofali mawili mpaka kikakauka. Wakati wa kiangazi hukauka upesi. Wakati wa mvua yafaa kungoja zaidi, tena kukiweka mbali na mende, kwa sababu mende hupenda gundi ya unga.

6. Kijitabu kinachokumbukwa

Mtu asidharau kitabu kidogo. Mwaka wa 1965, watu waliokuwa maboi, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu, walitoa kijitabu cha habari za mji wa Elisabethville. Mji huo unaitwa Lubumbashi tangu mwaka wa 1966. Mwandishi wake alikuwa André Yav. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, namna watu wasemavyo mitaani. Kilipigwa kwa mashini ya kuandikia tu. Lakini mwaka wa 1990 kilitolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya mwalimu Johannes Fabian. Leo wenye kuchunguza historia ya Katanga wanakisoma, kwa kuwa ndani yake wafanyakazi wenyewe wanasema.

Jumapili jioni watoto wa Buluo walimpelekea mzee kitabu chake. Walikuwa wameandika viwili vilivyo sawasawa. Kimoja kilikwenda Kamina katika mzigo wake. Cha pili kilibaki kwa mama mshonaji, na kila mtoto aliyetaka alikisoma.

MAULIZO

1. Kwa nini watoto walitengeneza kitabu cha mzee siku ile?
2. Utajuaje upande wa nyuzi za karatasi?
3. Mvulana alikosa nini? Kosa lake lilitengenezwaje?
4. Karatasi nane zikikunjwa mara moja na kushonwa, zitakuwa na kurasa ngapi?
5. Kwa nini watoto waliandika vitabu viwili?

KAZI

Kunja kitabu cha kurasa nane. Tia namba kwanza. Kisha mwendee mzee wa kwenu, umwombe akueleze kazi aliyoifanya alipokuwa kijana. Andika maneno yake kama alivyoyasema, umsomee mpaka akubali.