Rangi ya bure ilinigharimu oda ya miche 200

Leo somo ni kwa sisi tunaokuzia miche ndani ya kabati lenye taa.

Nina kaduka ka mbegu hapa Morogoro mjini. Mwaka jana mzee mmoja wa Mgeta aliagiza miche 200 ya nyanya, akaacha na kianzio. Kabati nikalipaka rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani, tena ya kahawia. Kesho yake nikaingiza trei, nikafunga mlango, harufu bado kali. Majani yakajikunja, na miche ya pembeni ikarefuka kama uzi ikitafuta mwanga. Nikarudisha hela ya mzee.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Rangi ya maji, nyeupe, isiyong'aa. Nyeupe inarudisha mwanga mpaka kwenye kona, rangi iliyokolea inaumeza.
2. Mbao napiga msasa kwanza, halafu napaka mara mbili.
3. Mlango unabaki wazi siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa.
4. Natoboa matundu ya hewa. Unyevu ukikaa ndani, ukungu unaota na rangi inabanduka.

Msimu huu mzee karudi. Kachukua miche 50 tu, ananipima. Ni haki yake.