Embe Lililowahi Msimu na Aprikoti ya Dukani

Mama mmoja wa Usa River anauliza: "Mwanangu ana miaka minne, anapenda sana aprikoti kavu za supamaketi, lakini bei yake inaniumiza. Soko la Tengeru lina maembe yaliyowahi msimu, ila jirani yangu anasema tunda la kuwahi halina vitamini. Nimsikilize?"

Jirani hajakosea yote. Tuanze na aprikoti yenyewe. Aprikoti, jamaa ya pichi na plamu za Lushoto, huhitaji majira ya baridi ndipo ichanue vizuri, na Uturuki ndiyo inayoongoza duniani kwa kuizalisha. Aina zinazowahi kuiva hukaa mtini siku chache, hivyo mara nyingi huwa ndogo na chachu kuliko zinazochelewa. Utamu na virutubisho, hata hivyo, haviendi pamoja kila mara. Rangi ya chungwa hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kiasi chake hutegemea zaidi aina ya tunda na ukomavu wake kuliko mwezi lilipochumwa.

Embe nalo ni hivyo hivyo. Lililokomaa, hata likichumwa kijani, huendelea kuiva nyumbani, na karotini huongezeka kadiri nyama inavyogeuka njano. Lililochumwa changa likavundikwa hulainika tu. Ganda hupendeza, ndani peupe na pachachu. Msimu unapoanza bei huwa nzuri, wachumaji wakaingiwa na haraka, na hapo ndipo matunda ya mapema yalipopatia sifa mbaya. Mnunuzi atazame mabega ya embe karibu na kikonyo: yawe yamejaa. Muuzaji akikubali kukata moja, nyama inayozunguka kokwa iwe na unjano.

Wapo pia wanaovundika kwa kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea, ambayo huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Embe la njano tupu lisilonukia chochote ni la kutilia shaka. Nyumbani, mfuko wa karatasi wenye ndizi mbivu mbili unatosha, kwani ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoivisha matunda.

Na tarakimu je? Gramu 100 za aprikoti isiyokaushwa zina takriban mikrogramu 96 za vitamini A na miligramu 10 za vitamini C. Embe lina 54 na 36; papai 47 na 60 hivi. Mapera huyapita yote kwa vitamini C, zaidi ya miligramu 200. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina zaidi ya mikrogramu 700 za vitamini A, na hakuna tunda hapa linalovikaribia!

Aprikoti ikikaushwa hupoteza karibu vitamini C yote, na zaidi ya nusu ya uzito wake huwa sukari. Ile yenye rangi ya chungwa inayong'aa imetiwa dioksidi ya salfa, ambayo inaweza kumwamshia pumu mwenye nayo. Aprikoti kavu ina potasiamu nyingi pia, kwa hiyo mgonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Kwa mtoto huyu, embe lililokomaa linatosha kabisa. Mama amkatie na kipande cha parachichi, maana karotini hufyonzwa vizuri penye mafuta, na maparachichi Meru si haba. Soko la Tengeru hufurika Jumatano na Jumamosi.