Nilimtumia Padre Hela, Kumbe Siyo Padre



Somo letu leo ni Mwanzo 27, mstari wa 18 hadi wa 29. Fungua Biblia usome kwanza, mimi nakusubiri. Ni ile habari ya mzee Isaka, macho yameshaingia giza, anataka kumbariki Esau kabla hajafa. Anayeingia ndani ni Yakobo. Kavaa nguo za kaka yake, kafungwa ngozi za mwana-mbuzi mikononi na shingoni, na anajitambulisha kwa jina lisilo lake.

Kisa hiki nakijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na miaka yote nilikuwa namcheka Isaka. Yaani baba mzima unashindwa kumtambua mwanao? Siku hizi simcheki tena.

Mimi ni mweka hazina wa vijana katika kigango chetu hapa Pangani. Kwaresima iliyopita tulikuwa tunachanga fedha za vitenge vya sare ya Pasaka. Mwenzetu mmoja anauza samaki, mwingine anabeba nazi, mwingine anaendesha bodaboda, kila mtu analeta alichopata, elfu mbili, elfu tatu. Ilishafika shilingi 185,000, na zote zilikuwa kwenye simu yangu.

Jioni moja Padre akiwa Tanga kwenye mafungo, ukaingia ujumbe wa WhatsApp kwa namba ngeni. Picha ni ya Padre. "Tumsifu Yesu Kristo mwanangu. Simu yangu imeingia maji, hii ndiyo namba yangu kwa sasa." Halafu habari ya mseminari aliyelazwa ghafla, anahitaji upasuaji usiku huohuo, na kama mfuko wa vijana una chochote nimwazime, keshokutwa akirudi atarudisha. Mwisho: "Tuma na ya kutolea."

Ile picha sasa. Padre kavaa kasula ya kijani, anacheka, kashika kikapu cha mavuno. Niliipiga mimi mwenyewe! Niliiweka Facebook mimi mwenyewe, watu wakaipenda. Na mafungo ya Tanga niliyatangaza mimi kwenye kundi letu, ambalo kiungo chake tulikuwa tumekisambaza ovyo ovyo ili vijana wengi wajiunge. Kwa hiyo kila kitu kilichonifanya niamini kilikuwa kimetoka kwangu.

Nikaingia kwenye simu, nikaandika namba, nikaandika kiasi. Mnajua kabla ya kuweka namba ya siri huwa linatokea jina la aliyesajili laini. Likatokea jina la mwanamke, majina matatu, hakuna hata moja linalofanana na la Padre. Nikasita. Niliona kabisa kwamba haliendani. Nikajiambia labda ni simu ya mpishi wa kule kwenye mafungo. Nikaweka namba ya siri.

Haikupita dakika tano, ujumbe mwingine: Mungu akubariki, daktari anasema bado elfu hamsini. Hapo ndipo mwili ulipopoa. Nikapiga ile namba, ikakatwa. Nikapiga namba ya zamani ya Padre, ile iliyoingia maji, akapokea mlio wa pili. "Milele na milele, amina. Vipi, kuna msiba?"

Turudi kwa Isaka. Watu wengi husema Isaka hakuthibitisha. Soma vizuri: alithibitisha kuliko mimi. Mstari wa 18 anauliza wewe ni nani. Wa 20 anashangaa mawindo yamepatikanaje haraka hivyo. Wa 21 anamwambia asogee ampapase. Wa 24 anauliza tena kama kweli ndiye. Wa 27 ananusa nguo zake. Na sikio lake lilimwambia ukweli, alisema wazi kwamba ile sauti ni ya mdogo. Tatizo lake ni kwamba ushahidi mmoja wa kweli aliuacha uzidiwe na ushahidi mwingi wa kutengenezwa. Ngozi, harufu, chakula kitamu, vyote vilikuwa vimeandaliwa jikoni na Rebeka. Sauti peke yake ndiyo ambayo Yakobo hakuweza kuivalisha nguo.

Kwangu mimi lile jina kwenye muamala ndilo lilikuwa sauti.

Angalia pia Yakobo alijibu nini alipoulizwa mbona umewahi. Alimtaja Mungu, kwamba Mungu ndiye aliyemfanikishia. Hapo mzee akanyamaza kuhusu haraka. Ndugu zangu, sisi watu wa Kanisa ndipo tunapopigwa. Mtu akianza na Tumsifu Yesu Kristo, akamaliza na Mungu akubariki, tunaona aibu kumuuliza swali.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Usiku ule kwa hasira nikapiga picha ya skrini yenye lile jina la mwanamke, nikaiweka kwenye makundi yote: MWIZI HUYU, SAMBAZA. Ikasambazwa hasa. Watu waliandika mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, mengine niliyaandika mimi, Ijumaa ya Kwaresima, nikitoka Njia ya Msalaba.

Baada ya siku nne akanipigia kijana mmoja kutoka mkoa mwingine kabisa. Anasema, kaka, huyo uliyemtangaza ni bibi yangu, hana hata simu. Mimi nikamjibu jeuri: nitajuaje kama na wewe siyo tapeli? Akasema sawa, ni haki yako, nipigie simu ya video saa yoyote. Nikapiga palepale.

Nikamwona bibi kakaa mkekani anapukuchua mahindi. Macho yana mtoto wa jicho, anageuzia uso pale inapotoka sauti. Nikasema shikamoo bibi. Akasema marahaba mwanangu, na kwenu hawajambo? Nikashindwa kuendelea.

Wazee wenzetu mnakumbuka ule usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza Mei 2019, mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku hadi 20 Januari 2020. Bila namba ya Kitambulisho cha Taifa ya NIDA, zile tarakimu 20, laini inafungwa. Babu yangu, mvuvi, vidole vyake vimelika kwa kamba na chumvi, mashine ilimkataa mara tatu akarudi nyumbani akilalamika kwamba serikali inasema yeye si mtu. Nia ilikuwa nzuri: kila laini iwe na mtu wa kweli nyuma yake. Na kweli nyuma ya ile laini iliyoniibia alikuwepo mtu wa kweli, mwenye jina, kidole na mahindi yake. Ila siye aliyeishika.

Bibi alikwenda kusajili laini yake moja siku ya gulio. Wakala akamwambia bibi, kidole hakijashika, weka tena. Akaweka tena. Na tena. Mjukuu alipompeleka dukani wakapiga *106# na kuingiza namba yake ya NIDA, zikaonekana laini nne. Yake ni moja, na simu yenyewe, kitochi, ilishakufa siku nyingi. Zile tatu wakazikana zifungwe.

Kijana, fanya hivyo leo. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako, kisha uwafanyie na wazee wa nyumbani kwenu. Ujumbe wa kitapeli unaripotiwa TCRA kupitia 15040. Na kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo kituo cha polisi ndiko kwa kupeleka malalamiko, siyo kwenye makundi kama nilivyofanya.

Kuhusu kumtambua aliye upande wa pili, mimi nimebaki na njia moja ninayoiamini: usimthibitishe mtu kupitia mlango alioufungua yeye. Akikuandikia kwa namba mpya, piga ile ya zamani. Akikutumia kiungo, usikibonyeze, mtafute kwa njia unayoijua wewe. Namba haipatikani? Mtafute mtu aliye karibu naye. Muulize jambo lenu wawili ambalo halijawahi kuandikwa popote. Na zile tarakimu sita za WhatsApp zikija kwenye simu yako, usimpe hata mama mzazi, maana wapo wanaotekwa akaunti, na hapo namba inakuwa ileile ya zamani, ila mtu siye.

Picha msiitegemee. Machi 2023 dunia nzima iliona picha ya Papa Fransisko kavaa koti jeupe la baridi lililotuna kama godoro, kumbe imetengenezwa na kompyuta. Katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Duniani 2024 aligusia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufanyiwa hivyo. Ile alama ya buluu nayo, Twitter ilianza kuiuza mwishoni mwa 2022, na mwezi huohuo wa Novemba mtu akainunua akajiita kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza insulini ya bure. Alama inakwambia mtu amelipa, basi.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kila asiyetumia jina lake ni tapeli. Kuna dada kwenye kwaya yetu anatumia jina jingine Facebook kwa sababu kuna mwanaume alikuwa anamsumbua, na sisi tunaomjua tunajua kwa nini. Kujificha ni jambo moja, kuvaa sura ya mwenzako ili ule chakula chake ni jambo jingine.

Na ukithibitishwa wewe, usikasirike. Soma Matendo 12: Petro ametoka gerezani, yuko mlangoni, Rode kaitambua sauti yake, waliomo ndani hawaamini. Petro hakuondoka kwa kununa, aliendelea kubisha. Soma Yohane 20, Bwana mwenyewe na Toma, alimpa mikono na ubavu. Yule mjukuu wa bibi alinikumbusha hilo. Nilimtukana, akaniambia piga simu ya video.

Nilipokwenda kuungama, Padre hakuzungumzia sana zile fedha. Aliniuliza kuhusu bibi. Akanipeleka kwenye Katekisimu, namba 2477, juu ya kumhukumu mtu haraka na kumharibia jina, halafu 2487, kwamba kosa dhidi ya ukweli linadai malipizi hata kama aliyekosa ameshasamehewa. Amri ya nane, vijana. Mimi nilidhani mwizi wa siku ile ni mmoja.

Nikaandika tena kwenye makundi yote, kwa jina langu na picha yangu, kwamba yule mama hana hatia na mwongo ni mimi. Ule wa kwanza ulisambazwa sana. Huu wa pili sikuona watu wengi wakiusambaza, kwa hiyo nimekuwa nikiurudia kila Jumamosi. Wengine wameshanichoka.

Pasaka tuliimba na nguo zetu za kawaida. Deni la kigango nalilipa kidogo kidogo, limebaki 70,000. Bibi amepelekwa hospitali ya mkoa kwa ajili ya macho, jicho moja limeshafanyiwa upasuaji. Jumapili iliyopita alinipigia kwa simu ya mjukuu, akaniambia nisogeze simu, kwa kuwa sasa ni zamu yake kuniona mimi ni nani.