Kunguru Mwoga Hukimbiza Ubawa Wake

Umewahi kuwaona vijana wamesimama juu ya ubao, wameshika tanga, wanateleza baharini kama ndege? Huo ndio mchezo wa ubao wa tanga. Uliingia Olimpiki mwaka 1984 kwa wanaume na 1992 kwa wanawake. Unajenga mikono, mgongo na miguu. Lakini bahari haimbembelezi mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, wengi wao watoto na vijana.

Tuchukue mfano wa wiki moja ya Julai, msimu wa Kusi, pale Paje, mashariki ya Unguja. Kila siku bahari ina sura yake.

JUMATATU: Upepo mwanana
Kusi inavuma kilomita 18 kwa saa. Ndani ya mwamba maji yametulia, na upepo unasukuma kwa mshazari kuelekea pwani. Hii ni siku ya anayeanza. Ukichoka, upepo wenyewe unakurudisha.

JUMATANO: Upepo mkali
Sasa ni kilomita 36 kwa saa. Utasema, "Si mara mbili tu?" Hapana! Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inayosukuma tanga inaongezeka mara 4. Tanga la Jumatatu litakubwaga. Chukua dogo zaidi, na kama bado unajifunza, kaa pwani.

ALHAMISI: Bamvua
Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Yakijaa, mawimbi makubwa yanaupita mwamba. Yakipwa, yanatoka kwa kasi kwenye nafasi zilizopo kati ya miamba, nawe unaweza kutoka nayo. Waulize wavuvi saa za maji. Kumbuka zinasogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokuwa salama juzi, leo huenda ni hatari.

IJUMAA: Wingu jeusi
Ukiona wingu la mvua linakuja kutoka baharini, rudi mapema. Upepo unaweza kukatika, halafu ukaja ghafla kwa nguvu na kutoka upande mwingine.

JUMAMOSI: Umande
Alfajiri upepo unatoka nchi kavu. Karibu na pwani bahari ni shwari kabisa, unaona kama leo ndiyo siku yenyewe. Huo ni mtego! Upepo huo unakupeleka nje, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi. Usiingie.

JUMAPILI: Pumzika, jikague
Umechanika kwenye matumbawe? Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, toa vipande vilivyobaki, na nenda zahanati uulizie chanjo ya pepopunda. Kunywa maji ya kutosha. Upepo wa Kusi unapoza ngozi, lakini jua linaendelea kuchoma.

UKIPATA TAABU
1. Vaa jaketi la kuelea kila mara. Usiende peke yako.
2. Usiuache ubao ukaogelea. Ubao unaelea na unaonekana kwa mbali.
3. Omba msaada kwa kuinua na kushusha mikono yote miwili, taratibu, ikiwa imenyooka pembeni.
4. Mwenzako akizama, mrushie kitu kinachoelea na uite watu. Usijitose ovyo, mtazama wawili.
5. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Mpulizie pumzi 5 mdomoni ukiwa umemziba pua, kisha kandamiza kifua katikati mara 30 na pumzi 2. Endelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike.

NA WAKIKUCHEKA JE?
Hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Washikaji wanasema, "Acha uoga wewe!" nawe unaingia huku moyo unakataa. Jibu rahisi: "Leo siendi, upepo si wangu." Huhitaji kueleza zaidi. Anayejua kurudi nyuma Alhamisi ndiye atakayecheza tena Jumatatu ijayo.

JADILINI KIKUNDINI
- Kwa nini bahari shwari ya Jumamosi ni hatari kuliko ya Jumatatu?
- Je, ni rahisi zaidi kwa msichana au mvulana kusema "leo siendi"? Kwa nini?
- Kijijini kwenu nani anazijua saa za maji? Mmeshamwuliza?