Urithi wa Utamaduni: Mifano kutoka Mkoa wa Mara

Urithi wa utamaduni ni vitu, mahali na maarifa ambayo jamii imeyapokea kutoka kwa vizazi vilivyotangulia. Umegawanyika katika aina mbili:

(a) Urithi unaoshikika: majengo, makaburi, zana na vyombo. Mfano ni Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999.

(b) Urithi usioshikika: lugha, ngoma, mila na ujuzi wa kazi za mikono. Aina hii inalindwa na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003.

Zingatia: Kitu kimoja kinaweza kubeba aina zote mbili. Ritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, linashikika. Ufundi wa kulichonga, kuliwamba ngozi na kulipiga haushikiki. Makumbusho huweza kutunza ritungu, lakini ufundi hutunzwa kwa kufundishwa.

Chakula kama urithi

Wanafunzi wengi husahau chakula wanapojibu swali la urithi. Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, ugali wa muhogo, mtama au ulezi huliwa kwa dagaa au samaki wa Ziwa Victoria. Nyuma ya mlo huo kuna ujuzi. Muhogo mchungu una sumu. Ili uwe salama, humenywa, huvundikwa au kulowekwa kwa siku kadhaa, huanikwa juani hadi ukauke, kisha husagwa.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara. Watafiti waliuhusisha na ulaji wa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha. Hivyo basi, kila hatua ya maandalizi waliyoturithisha wazee ina sababu, na kuifupisha kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Swali la mfano

Kwa nini kujenga makumbusho pekee hakutoshi kuhifadhi urithi?

Jibu: Makumbusho huhifadhi zaidi vitu vinavyoshikika. Ujuzi hubaki hai pale tu watu wanapoutumia na kuwafundisha vijana.

Zoezi

1. Tofautisha aina mbili za urithi kwa mifano.
2. Muulize mzee wa kijijini kwako hatua za kuandaa chakula kimoja cha asili. Ziandike kwa mpangilio, kisha eleza sababu ya kila hatua.