Ruhusa za Folda Katika Seva ya Kumbukumbu za Wagonjwa

OpenEMR ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Imeandikwa kwa PHP, hufunguliwa kwa kivinjari, na kliniki ndogo yaweza kuisanikisha bila kulipia leseni. Aghalabu hukaa kwenye seva ya Linux, na humo kila faili na kila folda ina ruhusa zake. Sheria za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ulinzi huo, hata hivyo, hauna nguvu iwapo seva yenyewe imeachwa wazi.

Linux huwagawa watumiaji katika mafungu matatu: mmiliki, kundi, na wengine wote. Kila fungu hupewa tarakimu: 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 kutekeleza. Hizi hujumlishwa. Faili yenye 640 husomwa na kuandikwa na mmiliki, kundi husoma tu, na wengine hawapati kitu.

Kwa folda maana hubadilika, na hapa ndipo wengi huteleza. Kusoma folda ni kuona majina yaliyomo. 1 ni idhini ya kuingia. Kuandika ni kuongeza, kubadili majina na kufuta. Kwa kawaida, mwenye idhini ya kuingia na kuandika katika folda aweza kufuta faili asiyoimiliki, hata ile asiyoruhusiwa kuisoma. Ni kama karani wa masjala aliyekatazwa kufungua jalada la mgonjwa, ilhali ana uwezo wa kulitoa kabatini na kulichoma moto.

Programu inapogoma kuhifadhi picha ya eksirei, fundi aliyebanwa na muda huandika chmod -R 777, na tatizo huondoka. Tangu hapo kila akaunti katika seva hiyo, hata isiyohusika na wagonjwa, yaweza kubadili msimbo wa mfumo. Hiyo si tiba. Swali la kuuliza ni moja: programu inaendeshwa kwa jina la akaunti gani? Katika Debian na Ubuntu, Apache hutumia www-data. Basi msimbo umilikiwe na root, kundi liwe www-data, folda ziwe 750 na faili 640. Apache itasoma, lakini haitaweza kubadili.

Nyaraka za wagonjwa huhifadhiwa ndani ya sites/default/documents, na hapo www-data haina budi kuandika. Folda hiyo yaweza kumilikiwa nayo kwa 700. Hatari yake ni mdukuzi kupakia faili ya PHP badala ya picha. Kuiondolea faili hiyo ruhusa ya kutekeleza hakusaidii, kwa kuwa PHP huhitaji kuisoma tu ili kuiendesha. Kinga ni kuiagiza Apache ikatae maombi yote ya moja kwa moja kwenye folda hiyo.

Faili ya sqlconf.php hubeba nywila ya hifadhidata. Wakati wa usanikishaji hufunguliwa ili iandikwe. Kazi ikiisha irudishwe 640. Hatua hii husahauliwa mno, kwa sababu mfumo hufanya kazi vizuri tu bila hiyo.

Nakala rudufu ni suala jingine. Ikiachwa ndani ya folda ya wavuti, Apache ikiwa na haki ya kuisoma, yeyote anayebahatisha jina lake aweza kuipakua. Mahali pake ni nje kabisa ya folda hiyo.

Amri ya find /var/www -perm -0002 ! -type l huorodhesha kila kitu kinachoweza kuandikwa na watu wote. Orodha iwe tupu. Amri hiyo irudiwe kila baada ya kusasisha programu, kwani faili mpya huja na ruhusa zake zenyewe.